Kijiko Alichowekewa Mkwe

Kijiko kilikuwa kimesimama palepale kilipomuulia mwenye shamba, ukingoni mwa bwawa ambalo halijakwisha kuchimbwa, na hakuna mtu aliyekuwa na hamu ya kukisogeza. Kilikuwa trekta la manjano lenye mkono wa kuchimbia nyuma na baketi mbele, lile sanduku pana la chuma linalozoa udongo. Rangi yake iling'aa mno kwa mashine iliyokwisha pita mikononi mwa watu wengine.

Tuseme ukweli tangu mwanzo: kesi hii watu walikuwa wameshaifunga vichwani mwao kabla faili halijafika kwa Sajenti. Marehemu alikutwa kifudifudi chini ya baketi ya mbele, na mtu pekee aliyekuwa naye alikuwa opereta. Asubuhi ya siku ile wawili hao walisikika wakizozana. Fundi wa kituo akaja, akainyanyua baketi, akazima injini, akasubiri, na baketi ikakaa juu kimya isishuke hata kidogo. Basi ikawa moja na moja ni mbili: ikiwa mashine haishuki yenyewe, kuna mkono wa mtu ulioishusha, na mwenye mkono huo yuko mahabusu tayari. Watu wanapenda hesabu za namna hiyo, hazichoshi kichwa.

Lakini faili lilimwangukia Sindano. Ndivyo wenzake walivyomwita Sajenti yule, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, na akiingia mahali hatoki bila kuvuta uzi. Alisoma maelezo ya fundi mara mbili, akakwama kwenye jambo moja dogo. Fundi aliipima mashine asubuhi, baada ya kulala usiku kucha. Marehemu alikufa adhuhuri, baada ya mashine kufanya kazi tangu alfajiri. Sindano hakuwa fundi wa mitambo, lakini amekaanga vitu maisha yake yote, na mpishi yeyote atakuambia mafuta ya baridi na mafuta ya moto hayaendi mwendo mmoja.

Ndiyo maana siku hiyo alimtoa opereta mahabusu, akampakia kwenye gari pamoja na konstebo, akamrudisha shambani akachimbe.

Mjane alitoka nyumbani mbio alipoliona gari. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo msiba ulikuwa umeikwaruza. Alimtazama opereta akishuka na pingu, kisha akamgeukia Sindano.

"Mnamrudisha kwangu, akalie kiti kilekile?"

"Nakuomba uvumilie leo tu, dada yangu," Sindano akamjibu. "Kama ana hatia, kiti hakitamsafisha."

Opereta alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuchanganya mvi. Pingu zilipofunguliwa hakukiendea kijiko moja kwa moja. Alizunguka kwa mbali kukwepa pale mahali, ambapo udongo ulikuwa umefagiwa, akapandia upande wa pili. Akawasha. Akachimba bwawa lile lile, mkono ukizama na kuinuka, udongo ukirundikwa kando. Mjane alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mtandio mdomoni. Jua lilipopanda sawasawa, Sindano alikwenda kugusa bomba la oili, akaurudisha mkono upesi. Lilikuwa la moto wa kuunguza.

Akamwambia opereta ainyanyue baketi ya mbele, azime, ashuke, aje asimame kando yake. Wakasimama. Hakuna kilichotokea. Konstebo akaanza kupiga miayo, na Sindano mwenyewe akaanza kufikiria atakavyochekwa kituoni kwa kupoteza dizeli ya serikali.

Kisha baketi ikashuka kidogo. Ilishuka bila sauti, kama mtu mzima anayejishusha kitini polepole kwa sababu ya magoti. Ikatulia. Ikashuka tena, safari hii ikaachia moja kwa moja, ikapiga ardhi kwa kishindo kilichowarusha kuku hadi nyuma ya nyumba. Kitini hapakuwa na mtu. Liva, vile vishikizo vya kuendeshea baketi, hazikuguswa.

Opereta alichuchumaa, akalia mikono ikiwa usoni. Mjane aliinuka pale ngazini, akaja hadi alipo Sindano.

"Kwa hiyo ni chuma tu," akasema.

"Ni chuma tu, dada."

Kuna maneno mtu hutamani angeyameza yangali ya moto. Sindano alikuja kuyajutia hayo matatu kabla siku haijaisha, lakini kwa wakati ule aliyatoa kwa nia njema, apate kumpoza mfiwa. Marehemu alikuwa ameingia chini kukata waya uliojisokota kwenye ekseli. Alikuwa akigonga nyundo. Mtu anayegonga nyundo hasikii kitu kinachoshuka bila sauti.

Mtu mwingine angeishia hapo, akafunga faili, akaenda kula. Sindano alikizunguka kijiko tena. Kwenye ubavu wa mashine, chini kidogo ya mlango, aliona vishikio viwili vya chuma bapa vilivyofungwa kwa boliti. Havikuwa vya kiwandani. Boliti zake zilikuwa mpya, na rangi katikati ya vishikio ilikuwa imekwanguka, ishara kwamba kuna kitu kizito kilikuwa kikilazwa hapo na kutolewa, kikilazwa na kutolewa. Akamwita opereta, akamuuliza hapo panakaa nini.

Opereta akatazama viatu vyake. Akasema hajui, kijiko kilikuja hivyo.

Sindano hakumbana. Mtu aliyetoka kulia kwa furaha ya kuponyoka, kisha akaanza tena kudanganya, ana jambo linalomuuma kuliko mahabusu. Akamwambia akapumzike garini.

Mjane, kwa aibu ya kumhukumu mtu bure, aliwakaribisha chai. Sindano akaomba kwanza anawe mikono, akaelekezwa bombani nyuma ya banda la ndama. Hapo ndipo alipouona uzi. Paa la banda lilikuwa limeinama upande mmoja, na chini yake palikuwa pamesimamishwa gogo la mti mgumu lililolikinga lisianguke. Gogo lilikuwa zuri kupita kiasi kwa kazi ile. Lilipigwa randa pande zote. Ncha yake ya juu ilichongwa mbonyeo wa nusu mwezi, na ndani ya mbonyeo huo palikuwa pamewambwa mpira wa tairi, misumari imepangwa kwa mstari ulionyooka. Boriti ya paa la banda ni bapa. Boriti bapa haihitaji nusu mwezi.

Sindano akatoa kamba mfukoni, akapima gogo, akarudi kijikoni kimyakimya, akapima kutoka kishikio hadi kishikio. Kisha akamwambia konstebo ainyanyue baketi kwa kuelekezwa na opereta, naye akapima sehemu ile ya jeki, yaani fimbo nene ya chuma inayochomoza baketi inapokuwa juu. Kamba ikakaa sawasawa. Unene wa fimbo nao ulikuwa wa nusu mwezi ile ile. Gogo lile lilikatwa ili likae juu ya fimbo ya jeki na kuizuia isirudi ndani. Likiwepo, baketi haishuki hata oili ichemke.

Walipokuwa wakinywa chai, Sindano aliuliza kama anayetafuta mazungumzo: banda la ndama limekuwa bovu tangu lini? Mjane akasema tangu upepo wa juzi juzi. Marehemu alikuwa ameahidi kulitengeneza akimaliza bwawa, unajua wanaume na ahadi zao, na ndama ni wawili, paa lingewaangukia. Basi mwenyewe akatafuta mti wa kukinga. Alilikuta gogo limelala kwenye kijiko jioni moja, halina kazi, akalibeba.

"Lilikuwa zito," akasema, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Marehemu alinicheka, akasema mke wangu ana nguvu za punda."

Kikombe cha Sindano kilibaki mkononi, hakikwenda mdomoni wala mezani. Huyu mama hajui, akajisemea. Hakuna aliyemwambia gogo lile ni la nini. Na ikiwa hata mumewe alicheka, basi mume naye hakujua. Ni nani basi aliyekaa akapiga randa, akachonga, akawamba mpira, kwa mashine ambayo hakuna mtu aliyesema kuwa ni mgonjwa?

"Hicho kijiko alikichagua nani, dada?"

Mjane akasema ni Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, nani mwingine. Enzi zake aliendesha mitambo ya barabara, sasa ana karakana yake ya useremala. Marehemu hakuwa anajua lolote kuhusu mashine, kwa hiyo alimwachia kaka yake. Na tangu msiba utokee, ni yeye anayekuja kila siku kukata majani ya ng'ombe na kukaa na watoto. "Bila yeye sijui ningekuwa wapi. Amesema bwawa atalimaliza mwenyewe."

Garini, Sindano alimkalia opereta ubavuni. Akamwambia gogo amelipata na anajua linakaa wapi. Kilichobaki ni yeye kusema.

Ikamtoka yote. Kijiko kilipoletwa, Baba Mkubwa alimvuta kando, akamkabidhi gogo na kumwambia: ukinyanyua baketi na mtu akaingia chini, weka hili kwanza. Hakusema kwa nini. Opereta alidhani ni uangalifu wa wazee tu. Siku ile asubuhi hakuliona gogo kwenye vishikio, akamwambia bosi hawezi kuanza bila gogo. Bosi akamcheka, akasema mti gani wa kuzuia chuma, mvua inakuja na bwawa liko wazi. Hapo ndipo sauti zilipopanda. Basi waya ulipojisokota, bosi akaingia chini, yeye akaenda kuchukua koleo la kukatia.

"Mbona hukusema tangu siku ya kwanza?"

"Ningesema nini, afande? Kwamba niliambiwa niweke, nikanyanyua bila kuweka?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilichelea kuonekana mzembe. Nikaona bora nikane kugusa liva tu, hiyo naijua ni kweli."

Yadi ya kuuzia mashine kuukuu ilikuwa pembeni mwa barabara kuu, uzio wa mabati, na ndani yake kila kitu kilichowahi kuchimba au kubeba kilikuwa kimepangwa kusubiri mwenye bahati. Muuzaji alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye kofia safi. Alimpa Sindano kiti na soda kabla hajauliza shida. Na alipoulizwa kuhusu kijiko kile, macho yake yakalengwa na machozi upesi kuliko Sindano alivyotazamia.

Akasimulia alivyokichagua Baba Mkubwa, na alisimulia kwa sifa. Yule si mnunuzi wa kudanganywa na rangi. Alikuja alfajiri akaweka kiganja kwenye injini kuhakikisha imepoa, maana muuzaji mjanja huipasha moto mapema ili iwake kwa urahisi. Akautikisa mkono wa kuchimbia kusikiliza pini na bushi kama zinacheza. Akaangalia mipira ya pedali kama uchakavu wake unalingana na saa inayohesabu kazi ya injini. Akapiga magoti kutafuta matone ya oili chini. Vilikuwa vijiko viwili, akasema muuzaji, akaelekeza kwa kidole. Kimoja ni kile alichokichukua. Kingine ni kile pale.

Kile pale kilikuwa na kutu mlangoni, kioo kimoja kimewekewa ubao, kiti kimechanika hadi sponji inachungulia. Sindano akaomba kiwashwe. Kikachimba shimo nyuma ya yadi hadi oili ikawa ya moto, kisha baketi ikanyanyuliwa, injini ikazimwa. Sindano akanywa soda yote na kuongezewa nyingine. Baketi ilikaa juu pale pale ilipoachwa. Akaitazama kwa huzuni, maana ilikuwa bado inauzwa.

"Alikipima na hiki hivi hivi?"

"Alivipima vyote viwili, siku nzima. Alichimba na kile cha rangi hadi mchana."

"Kikashuka?"

Muuzaji akavua kofia yake, akaitazama ndani. "Kilishuka. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Yeye aliona, na mimi nilimwona akiona."

Akairudisha kofia kichwani.

"Sajenti, binti yake ameolewa na mwanangu. Sisi ni wakwe. Alipokuja nilimwambia kile cha rangi nimemwekea yeye, nimewakatalia watu kwa ajili yake. Sasa mtu umemwambia umemwekea kitu, naye yuko kwako, amekula kwako. Ataanzaje kukitia kasoro? Alinyamaza. Mimi nikasubiri aniulize, nimwambie mipira ya jeki imekwisha, tuitengeneze kwanza. Hakuniuliza. Nikaona nikianza mimi nitakuwa nakiri kuwa nilimwekea mkwe wangu kibovu. Akasema, 'Kizuri, mkwe, nakishukuru.' Nikasema, 'Karibu, mkwe.' Basi."

Huyu alingoja kuulizwa, yule alingoja kuambiwa, kila mmoja akimlindia mwenzake uso. Wahenga wana neno kali juu ya mficha maradhi, lakini wao walimzungumzia mgonjwa mwenyewe. Hapa walioficha wako hai wanakunywa soda, na aliyelipa ni mtu ambaye hakuwepo hata yadini. Sindano alitamani kumkasirikia mzee yule, akashindwa. Alimwambia tu asikiuze kijiko chochote mpaka atakaposikia kutoka kwake, na mzee akaitikia kama mtoto.

Aliporudi shambani, Baba Mkubwa alikuwa sebuleni kwa mjane, miguu peku, viatu vyake viko kibarazani. Alikuwa mtu mkavu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Mjane alikuwa jikoni, mlio wa sufuria na mwiko unasikika. Kwenye meza ndogo mbele ya mzee palikuwa na sahani iliyofunikwa, chakula alichopakuliwa yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumba ile.

"Mzee," Sindano akasema akikaa, "natoka kwa mkwe wako."

Baba Mkubwa hakujifanya. Sindano alimheshimu kwa hilo. Akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba aliona, na kwamba angemwambia mdogo wake, lakini mdogo wake hakuwa na breki mdomoni. Angekirudisha kijiko kwa makelele yadini, watu wakisikia, na binti yake yumo katika nyumba ile, anakula kwa mikono ya watu wale. Akapanga abadilishe mipira ya jeki mwenyewe, polepole, baada ya mavuno, bila mtu kujua. Kwa muda ule akachonga gogo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini mzee huyu alisema kama mtu ambaye mjukuu wake ameshaota meno na kumuuma.

"Nilimwambia opereta aweke. Kila nikifumba macho najiuliza kwa nini hakuweka. Sijaenda hata kumtazama mahabusu, maana nilikuwa na hasira naye. Gogo lilikwenda wapi, mwanangu?"

Swali hilo Sindano alikuwa amelibeba njia nzima kutoka yadini. Alijua angeweza kusema hajui. Lakini mzee alikuwa anamchukia mtu asiyestahili, na hilo nalo ni deni.

"Liko kwenye banda la ndama. Linashikilia paa."

"Nani alilipeleka?"

Sindano aligeuza macho kuelekea jikoni, ambako mjane alikuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

Baba Mkubwa akafuata macho yake. Ilimchukua muda kufika, na alipofika uso wake wote ulilegea.

"Anajua?"

"Hajui. Anadhani ni mti tu."

"Umeandika?"

"Bado."

"Usiandike."

"Mzee, mimi huandika ninachokiona."

"Opereta umeshamtoa?"

"Kijiko chenyewe kimemtoa. Nimeona kikishuka, na konstebo ameona."

"Basi hilo gogo ukiliandika linamsaidia nani?"

Sindano alikuwa na majibu mengi aliyofundishwa kuhusu ukweli na kiapo, yote mazuri. Akauliza tu kama opereta atanyamaza, akajijibu mwenyewe humo humo kwamba amenyamaza hata pale kunyamaza kulipomweka ndani.

"Na usiliondoe pale," mzee akanong'ona. "Ukiliondoa atauliza. Nitajenga paa kwanza, halafu..." Hakumalizia, maana mjane alikuwa akiingia na jagi la maji ya kunawa.

Aliliweka chini, akakaa mkabala nao. Akasema amekuwa akifikiri tangu mchana. Ameona kijiko kile kikishuka chenyewe, kwa macho yake. Kitu kinachoshuka hivyo hakiwezi kufichika. Kilipimwa, kilichimba, watu wanaojua mashine walikisimamia siku nzima. Akamgeukia Sindano.

"Ina maana hakuna aliyeona?"

Sindano alifumbua mdomo. Lakini Baba Mkubwa alimtangulia.

"Mimi niliona, shemeji."

Mjane akamtazama kama hakusikia vizuri.

"Niliona yadini, kabla hatujakichukua."

"Ukamwambia ndugu yako?"

"Sikumwambia. Nilimwonea haya mkwe."

Nje ndama alilia, akanyamaza. Mjane alikuwa ameegemea mbele, mikono imekaza ukingo wa kiti, na ilikuwa wazi bado anamtafutia shemeji yake mlango wa kutokea.

"Lakini ulifanya kitu. Wewe si mtu wa kuona hatari ukaacha. Ulimwonya opereta?"

"Sikumwonya."

"Hukuweka hata kitu cha kuzuia? Chochote?"

Sindano alikumbuka misumari ile iliyopangwa kwa mstari, na mpira uliokatwa kwa kufuata mviringo. Alimtazama mzee. Mzee hakumtazama yeye.

"Sikuweka kitu," akasema Baba Mkubwa. "Niliona, nikanyamaza, basi."

Mjane alisimama taratibu. Aliichukua sahani iliyofunikwa kutoka mbele ya shemeji yake, akairudisha jikoni. Walisikia akiiweka juu ya kabati. Aliporudi sauti yake ilikuwa imenyooka, mikwaruzo yote imeondoka.

"Watoto wako njiani kutoka shule. Sitaki wakukute hapa. Leo wala siku nyingine."

"Nimekusikia."

"Na bwawa langu usiliguse."

Mzee aliinuka, akatoka hadi kibarazani, akahangaika na viatu vyake kwa muda mrefu kuliko viatu vinavyostahili. Hakugeuka. Sindano alimwona dirishani akiifuata njia ya magari, akipita kijiko bila kukitazama, mgongo wake ukizidi kuwa mdogo.

Mjane alikuwa bado amesimama katikati ya sebule. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Andika alivyosema, Sajenti," akasema. "Neno kwa neno. Nataka wanangu wakikua wasome."

Katika miaka yake yote ya kazi Sindano hakuwahi kuandika jambo analolijua kuwa si kweli. Alifungua kalamu, akaandika: hakuonya mtu, hakuweka kitu. Akamsomea mjane, na mjane akatia sahihi.